Hodi ya Nne

Simu za hoteli zilipokufa asubuhi ile, Fauzia alicheka. Hakucheka kwa sauti, maana meneja mkuu alikuwa amesimama karibu naye huku amekunja uso. Alicheka kichinichini, kicheko ambacho mtu hukifunika kwa kujitia kikohozi. Kila simu iliyoingia kutoka nje ililia kidogo, ikanyamaza, ikapotelea huko ilikopotelea. Na kwenye kioo cha kompyuta ya swichibodi palikaa maneno yale yale, ukiyafuta yanarudi: Seva haikubaliani na programu hii.

Programu ya seva hiyo ilikuwa mpya. Aliyeiweka, jana yake alasiri, tena akipiga mluzi, alikuwa Trevor, mkuu wa kompyuta. Hilo ndilo lililomchekesha Fauzia.

Hoteli yenyewe ilikuwa Diani, na mwaka ule wa tisini na nane hali yake ilikuwa taabani. Tangu zile fujo za mwaka uliotangulia, watu walipouawa huku pwani, watalii walikuwa wameingia woga, vyumba vingi vilikuwa vimefungwa, na wafanyakazi walikuwa wakichambuliwa kidogo kidogo kama mchele kwenye ungo. Simu moja nzuri kutoka Ulaya ilitosha kuwalisha watu msimu mzima, kwa hiyo simu kufa haukuwa mchezo. Mtambo ulikuwa wa kisasa. Simu zote zilipitia kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha nyuma, hiyo ndiyo seva, na kompyuta ndogo za mezani, pale swichibodi, mapokezi na ofisini, ziliiuliza kila kitu: nani anapiga, na apelekwe chumba gani. Seva isipoongea na hizo za mezani, mpiga simu hana wa kumpokea. Swichibodi ya zamani ya kuchomeka waya ingewaokoa, lakini Trevor alikwisha kuamuru itupwe, eti inajaza nafasi.

Fauzia alikuwa fundi wa kompyuta chini ya huyo Trevor. Alisomea Mombasa, cheti anacho, na kazi aliijua sawa na bosi wake. Tofauti yao ni kwamba Trevor alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, na Fauzia alikuwa na kinyongo.

Tena kisidhaniwe ni kinyongo cha cheo. Cheo angemwachia akalale nacho. Kabla ya Ramadhani iliyopita baba yake Fauzia alifariki nyumbani kwao Msambweni, asubuhi, akiwa ameketi anakunywa chai. Mama yake, Mwanapili, alijifunga leso akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha simu, akapiga hotelini aitiwe binti yake. Siku hiyo aliyeketi swichibodi na hedifoni masikioni alikuwa Trevor. Alikuwa akiijaribu programu ya simu ya wakati huo, na Linet, mpokea simu mwenyewe, amesimama kando. Sasa mama wa pwani, hata nyumba iwe inaungua, hawezi kumrukia mtu asiyemjua kwa habari ya msiba. Ataanza na salamu. Mwanapili aliuliza hali, akauliza hali ya wa nyumbani kwake, akauliza kazi zaendeleaje, akaomba radhi kwa kumsumbua mwana wa watu, na kabla hajalifikia neno lenyewe Trevor akabofya, akamkata. Alipopiga tena alianza upya, tangu mwanzo, kwa kuwa salamu iliyokatika haiendelezwi katikati. Akakatwa tena.

"Huyu mathee ni wa salamu club za redio," Trevor alimwambia Linet akicheka. "Line ni ya biashara."

Mzee alizikwa baada ya adhuhuri. Wazee walipouliza kama Fauzia ana habari, mama yake alijibu kwamba simu ameipiga, nao wakaona basi yuko njiani. Hakuwa njiani. Jioni binamu yake, Salimu, alifika kwenye geti la hoteli kumwuliza amekuwaje hata asije, na Fauzia alipofika kwao alikuta watu wanakunywa kahawa na mikeka imekwisha kutandikwa uani. Hakuuona uso wa baba yake. Wote walimwona kabla ya kufunikwa sanda, hata majirani, hata mwenye duka aliyekuwa akigombana naye kila wiki. Yeye, mtoto wa kumzaa, hakumwona.

Linet ndiye aliyemweleza baadaye, huku akilia. Fauzia hakulia mbele yake. Alirudi kazini, akawa anamwamkia Trevor kila siku kwa adabu zote, na moyoni aliapa kwamba mtu huyu atatoka hapa na aibu yake, na yeye Fauzia ndiye atakayemtoa. Miezi ilipita. Alimtengenezea mashine zake, akamchekea mizaha yake, akangoja.

Meneja mkuu, Bwana Nzai, alikuwa Mgiriama mwenye sauti ndogo, na kadiri ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo watu walivyozidi kumwogopa. Aliwaita wote wawili mapokezi.

"Mwenye hoteli amenitafuta kwa simu ya hoteli ya jirani," alisema. "Leo jioni kampuni ya watalii ya Ujerumani itapiga kuthibitisha vyumba vya msimu. Wasipotupata sisi, watapata wengine, hoteli hazijaisha Diani. Na amesema aliyeharibu simu hizi leo alale kwao, asirudi. Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Nataka simu zirudi, na nataka kuambiwa nani aliyeziua."

"Sir, hiyo ni version tu," Trevor alisema. "Server iko juu, hizi za mezani ziko chini. Tukizipandisha zitaelewana."

"Wewe umezishika tangu asubuhi. Sasa atazishika Bi Fauzia, na wewe umpe anachotaka."

"Hewala, bwana," Fauzia alisema, macho chini. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Alianza palipo wazi. Ni kweli programu za mezani zilikuwa za toleo la zamani na ya seva ilikuwa ya toleo jipya, na vitu hivyo visipolingana huwa havisikilizani. Alichukua diski, akaiweka programu mpya kwenye kompyuta ya swichibodi, akaizima, akaiwasha. Seva haikubaliani na programu hii. Akaenda ya mapokezi, akafanya hivyo hivyo, akajibiwa hivyo hivyo. Akaangalia kama kompyuta zenyewe ni kongwe mno kwa programu ile; watengenezaji walisema zinatosha. Akafuata waya hadi chumba cha nyuma, akaisikiliza seva. Ilikuwa inanguruma vizuri, haina hata homa.

Trevor alimfuata nyuma popote alipokwenda, tai imelegea, shati limeloa kwapani.

"Hii kitu imenishinda kabisa," alisema. "Nimejaribu kila njia. Wewe unaonaje?"

"Tutajua, inshallah," Fauzia alijibu. Alikuwa akijitahidi asimalize kazi mapema, kwa jinsi alivyofurahi kumwona anatapatapa.

Baadaye Bwana Nzai alimtuma Trevor kwa jirani akaombe simu wawapigie Wajerumani wenyewe, na Fauzia akabaki peke yake na mashine. Hapo ndipo aliposhughulika kwa kweli. Alitaka kulijua kosa lenyewe, alitoe, aliinue juu mbele za watu likiwa na jina la Trevor.

Akaangalia namna zinavyoamkiana. Kompyuta ya mezani inapowashwa, jambo la kwanza ni kuiita seva. Mafundi wa ng'ambo wana jina lao la mwito huo. Fauzia tangu chuoni aliuita hodi. Seva ikiitikia, kazi inaanza. Isipoitikia, kompyuta hupiga hodi tena, na tena, mpaka ifike idadi iliyopangiwa, kisha hukata tamaa na kuandika kwamba seva haikubaliani nayo. Na programu ile ilikuwa mvivu wa maneno: hata kama seva iko njiani inakuja kufungua mlango, jibu lake ni hilo hilo moja.

Fauzia akafungua mahali ilipowekwa idadi ya hodi. Palikuwa na tatu.

Aliitazama ile tatu, akaitambua. Watengenezaji waliiacha kumi. Aliyeifanya tatu alikuwa yeye Fauzia, kwa mkono wake, siku aliyoziweka kompyuta zile mezani. Alikumbuka hata alivyotabasamu peke yake. Kumi za nini? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa unageuka unarudi ulikotoka. Ndivyo mama yake alivyomfunza tangu yuko mdogo, na ndivyo dini ilivyoelekeza. Anayepiga hodi mara kumi mlangoni mwa watu ni askari ama ni mwizi. Basi akaifuta kumi ya Wazungu akaweka tatu ya watu waliolelewa.

Seva ya zamani ilikuwa ikiitikia hodi ya kwanza tu, kwa hiyo tatu yake haikumdhuru mtu. Hii mpya ilikuwa na mambo ya taratibu. Ilimkagua kwanza kila anayeita, wewe ni wa toleo gani, ndipo ifungue. Na kuweka programu mpya mezani hakukusaidia, kwa sababu programu mpya ilirithi mipangilio ya zamani, tatu ikabaki tatu. Fauzia akaandika kumi, akaiwasha kompyuta upya, akangoja. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne, seva ikaitikia, na kioo kikajaa namba za vyumba vyote vya hoteli.

Trevor wa watu hakukosea kitu. Aliweka seva nzuri, akaiweka sawasawa. Kilichoua simu za hoteli nzima kilikuwa adabu za Fauzia.

Angeweza kuinuka akamwendee Bwana Nzai amweleze. Kosa lenyewe ni namba moja, huenda angesamehewa. Huenda pia yeye ndiye angelala kwao. Lakini si kazi aliyoifikiria pale. Alijaribu kuuona uso wa baba yake jinsi ulivyokuwa asubuhi ile, baada ya kuoshwa, umetulia, kama mama yake alivyomsimulia. Haukuja. Ulikuja ule wa kwenye kitambulisho tu, umekodoa macho, kola imepinda. Fauzia akavirudisha vidole kwenye kibodi, akaifuta kumi, akaandika tatu.

Kisha akafanya la pili, na hilo ndilo lililotaka roho ngumu. Aliingia chumba cha nyuma, akaitoa programu mpya ya Trevor kwenye seva, akairudisha ya zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, halafu akazirudisha na za mezani za zamani. Kongwe kwa kongwe. Kompyuta zikapiga hodi, seva ikaitikia papo hapo. Sasa ushahidi gani tena unatakiwa? Programu ya Trevor ikiwepo simu zinakufa, ikitolewa simu zinafufuka. Hata mpishi angejua mwenye kosa.

Simu ya kwanza ililia Trevor akiwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni kutoka kwa jirani, ambako Wajerumani hakuwapata. Alipoisikia uso ulimkunjuka, akacheka kwa furaha, akampungia Fauzia mkono.

"Ilikuwa nini?" Bwana Nzai aliuliza.

"Ni programu mpya ya seva, bwana," Fauzia alisema. "Haipatani na kompyuta zetu. Nimeitoa."

"Ingeweza kujulikana kabla?"

"Ingejaribiwa kwanza na kompyuta moja, ingejulikana." Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka laini.

"Lakini sir, niliangalia," Trevor alisema. Ule mkono aliokuwa akiupunga bado ulikuwa nusu juu. "Niliangalia mahitaji yote, walisema ziko sawa."

"Walisema nani?" Sauti ya Bwana Nzai ilikuwa imekuwa ndogo kabisa. "Na ile swichibodi ya waya iko wapi, Trevor?"

Trevor akaushusha ule mkono, na unga wake ukawa umemwagika.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipotoka ofisini mwake na vitu vyake kwenye katoni. Linet alikuwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani tangu mchana, kwa hiyo Fauzia ndiye aliyekaa swichibodi. Trevor alisimama mbele yake.

"Hata hivyo, asante," alisema. "Bila wewe ningekuwa bado natoa jasho hapo."

Kwa miezi yote ile Fauzia alikuwa ameyapanga maneno ya saa hii. Aliyapanga akifua, akipika, akiwa amelala macho dari. Sasa yakatoka machache tu.

"Waikumbuka siku uliyokaa kiti hiki? Kabla ya Ramadhani. Mama mmoja alipiga simu, ukamkata. Akapiga tena, ukamkata tena."

Trevor aliwaza. Aliwaza kwa kweli, macho juu, kama anayetaka kusaidia.

"Zilikuwa simu mob siku hizo, hazihesabiki," alisema. "Alikuwa mgeni wa hoteli?"

"Alikuwa mama yangu. Alikuwa akiniita, baba amefariki. Nilikuta amezikwa."

Trevor akaiweka katoni chini. "Ah, Fauzia. Pole. Pole sana, haki. Mimi sikujua. Si ungeniambia tu?"

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliompandisha Fauzia hasira upya, kuliko hata asubuhi. Alitaka huyu mtu akumbuke. Alitaka aondoke na jambo lile shingoni, alale nalo, aamke nalo, limkabe kila anaposikia simu inalia. Kumbe mwenyewe hakuwa nalo kabisa. Amefukuzwa kazi na hajui kwa nini amefukuzwa, na Fauzia hawezi kumwambia kwa nini bila kujimwagia na yeye unga.

"Haya, nenda salama," alisema.

Alimtazama akikata mapokezi na katoni yake hadi akapotea nje. Hakujuta, tusimsingizie. Aliyatafuta majuto hakuyaona. Aliitafuta na ile raha aliyokuwa ameiwekea akiba miezi yote, akaona kipande kidogo tu, nacho hakikuwa na ladha aliyoitarajia.

Hakupewa nafasi ya kuendelea kutafuta. Habari zilikuwa zimeenea kwamba simu za hoteli zimerudi, na taa zikaanza kuwaka kwenye kioo, mojamoja, kisha safu nzima: wakala wa Mombasa, uwanja wa ndege, mgeni wa chumbani anayetaka taulo. Bwana Nzai alivuta kiti akaketi nyuma yake.

"Wajerumani wasingojeshwe," alisema.

Fauzia akabofya taa iliyokuwa mbele.

"Assalaam alaykum," sauti ilisema, na nyuma yake palikuwa na zogo la watu na magari.

Aliijua sauti kabla hata salamu haijaisha. Tangu msiba mama yake alikuwa hajapiga simu hotelini hata mara moja. Kila neno alilituma kwa mdomo wa Salimu.

"Waalaykum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenyewe? Alhamdulillahi. Nimekuwa nikiogopa simu yenu hii, leo nikasema potelea mbali, nami nijaribu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"U hali gani? Homa ile yaendeleaje?"

"Nimepona."

"Alhamdulillahi. Na kazi, waionaje? Wakubwa zako hawajambo? Na huyo Linet, mtoto wake hajambo?"

Safu ya juu yote ilikuwa inapepesa. Kwenye taa moja palitokea namba ndefu ya ng'ambo. Bwana Nzai akajongea na kiti, akakohoa. Kidole cha Fauzia kilikuwa juu ya kipanya.

"Mama, lete neno lenyewe," alisema. "Kuna nini?"

Kule Msambweni zogo la watu lilisikika peke yake.

"Hakuna neno, mwanangu," mama yake alisema. "Nilikuwa nikikujulia hali tu. Haya, fanya kazi."

Akakata. Fauzia akabofya ile taa ya ng'ambo, akalitaja jina la hoteli, akawakaribisha Wajerumani kwa Kiingereza, kwa sauti nzuri kama kazi ilivyomtaka.